Mzee Chidawali na Safu Mbili za Dirishani

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Chuo cha Ufundi Chihembe, fundi wetu wa kompyuta, Mzee Yotham Chidawali, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu maktaba yangu na chumba chake cha ufundi vinatenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba, na kila mashine aliyoifokea upande wa pili nimeisikia ikifokewa. Kamati ilisahau kwamba mimi ni Mhehe naye ni Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu. Kila asubuhi huchungulia dirishani kwangu kuuliza kama mbwa wa jirani bado wapo wote, maana Wagogo hututania Wahehe kwamba tunakula mbwa. Waliotaka wasifu wa heshima tupu wangemtafuta mtu mwingine.

Mzee Chidawali ni mzaliwa wa Bahi. Aliajiriwa hapa akiwa kijana mwembamba mwenye bisibisi mfukoni, kazi yake kutengeneza taipureta za darasa la uhazili. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa chuoni, mkuu wa wakati huo aliiweka ofisini kwake, akaifunika kitambaa cha kudarizi kama kitanda cha maharusi, na akapiga marufuku kuigusa. Miezi ikapita mashine haijawahi kuwashwa. Mzee, ambaye hakuwa mzee wakati ule, aliomba ruhusa ya kuifuta vumbi. Aliifuta vumbi kila siku kwa wiki kadhaa, mlango umefungwa, na alipomaliza kuifuta mashine ilikuwa inachapa barua. Chuo kikampeleka kozi, akarudi na cheti, na akaanzisha darasa la kompyuta kwenye chumba kilekile cha taipureta.

Kuhusu vumbi, wenyeji wa Dodoma hawahitaji maelezo. Vumbi letu linapita chini ya mlango uliofungwa na kuingia kwenye sanduku lililofungwa, sembuse kompyuta yenye matundu. Wengine hununua vifaa maalumu vya kupulizia. Mzee Chidawali ana pampu ya baiskeli, na hamwazimi mtu, hata mwenye baiskeli. Siku moja aliletewa kompyuta iliyokuwa ikivuma kwa hasira kila inapowashwa. Alipoifungua alikuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani, juu kidogo ya feni, nyumba nzuri tu yenye vyumba. Sote tuliokuwa tumeinama kutazama tulitoka kwa kupitia dirishani. Yeye alitoka kwa mlango, taratibu, akiwa ameikumbatia pampu yake.

Kibao cha mlangoni kwake hakina jina wala cheo. Kimeandikwa "Rudia nione", na huo ndio utaratibu wake wote wa kazi. Ukimpelekea kompyuta iliyogoma, haigusi. Anakupa kiti, anakujulia hali ya watoto, kisha anakutaka uiwashe mwenyewe na kurudia kila ulichofanya mpaka pale ilipogoma, yeye akitazama mikono yako, si skrini. Mkuu wetu wa Chuo, Bi. Munira, amewahi kurudia. Mhasibu naye alirudia, akagundua katikati ya maelezo yake kwamba waya wa skrini aliuchomoa mwenyewe ili apate pa kuchajia simu, akanyanyuka na kuondoka bila kuaga. Mimi nimerudia mara nyingi kuliko ninavyopenda ziandikwe humu.

Linux iliingia chuoni kwa mlango wa uani. Leseni za programu zilikuwa zimetuelemea, naye akasikia kuna mfumo endeshi wa bure ambao mtu anaruhusiwa kuunakili na kumpa jirani. Alidhani ni utapeli, akautafuta ili ajue unatapeli vipi. Kompyuta ya kwanza aliyoiwekea ilikubali kila kitu isipokuwa sauti, mtandao wa hewani na skrini. Alikuja maktaba uso umemchanua kunitangazia kwamba kazi imefanikiwa kabisa, ila tu haionekani.

Skrini ilipopatikana, kadi ya mtandao wa hewani ikaendelea kujifanya haipo. Ili apakue programu ya kuiamsha kadi ilibidi awe na mtandao, na ili awe na mtandao ilibidi kadi iwe imeamka. Aliuzunguka mduara huo akiongea peke yake kwa Kigogo, mpaka alipong'amua kwamba akichomeka simu yake kwa waya, kompyuta inavuta mtandao kutoka kwenye simu. Alipiga ukelele uliowatoa wanafunzi wa useremala nje na misumeno yao, wakidhani nyoka kaingia. Tangu siku hiyo alikuwa ameokoka, nasi tukawa tunahubiriwa.

Na kama waongofu wote, alijaribiwa. Alipokuwa anaweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, alifika pale unapoulizwa ni diski ipi ifutwe, akachagua bila kusoma vizuri. Akafuta diski ya nje iliyokuwa na picha zote za sherehe ya kumuaga binti yake, Yudith, aliyekuwa anakwenda kuolewa Kondoa. Mkewe, Mama Yudith, hakumgombeza. Kwa siku kadhaa alizungumza na kuku tu. Hatimaye ukoo mzima ulivaa upya, shangazi wakarudishwa kutoka walikokuwa, mpiga picha akaitwa. Keki ndiyo haikuwepo, ilikwishaliwa, hivyo wakafunika sufuria ya wali kwa kitambaa cheupe na kuibandika maua. Picha hizo zipo ukutani kwake hadi leo, na ukizitazama kwa makini unauona mvuke ukitoka kwenye keki.

Kutokana na msiba huo alituwekea desturi. Kabla ya kuweka Linux kwenye mashine yoyote, anasoma kwa sauti jina la diski na ukubwa wake, na kila aliyemo chumbani anaitikia kwa kurudia. Wanafunzi wake huitikia kama waumini. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita koridoni alivua kofia na kusubiri sala iishe.

Kwa imani hiyo amezunguka shule za sekondari kuanzia Zuzu hadi Chemba, flashi mfukoni na pampu mgongoni, akifufua kompyuta zilizokuwa zimegeuzwa meza za kuwekea vitabu. Anajua ni mashine ipi haikubali kuwaka kutoka kwenye flashi mpaka uingie kwenye mipangilio yake ya ndani na kulegeza kufuli, na ipi inahitaji kuombwa msamaha kwanza. Ukimuuliza jambo analolijua vizuri, huwezi kuondoka. Ukimuuliza asilolijua, anasema halijui, halafu unamkuta siku ya tatu bado analichimba, nawe umeshasahau uliuliza nini.

Sasa niwaeleze habari ya mwaka huu, kwa sababu ndiyo iliyoamua atastaafu na sura gani.

Mwaka jana ofisi moja ya serikali iliyohamia mji wa Mtumba ilitupatia kompyuta arobaini ilizokuwa imemaliza kuzitumia. Zilikuwa nzima, ila umri umekwenda. Mfumo mpya wa kisasa ulikuwa mzito kwazo, na ule wa zamani hautunzwi tena. Zetu za awali zilikuwa zimekufa karibu zote. Bi. Munira alipiga hesabu kama mkuu yeyote mwenye akili angepiga, akaona kompyuta zile ziende mnada kama vyuma chakavu, kozi ya kompyuta ifungwe, na wanafunzi wahamishiwe chuo kingine. Mzee Chidawali alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na kozi iliyokuwa inafungwa ni ile aliyoianzisha kwenye chumba cha taipureta.

Alikwenda ofisini kwa Bi. Munira akiwa amevaa koti, jambo ambalo halijawahi kutokea katikati ya wiki. Aliomba apewe nafasi hadi mtihani wa vitendo wa mwezi Mei. Kama kompyuta zile zikiendesha mtihani mzima juu ya Linux, kozi ibaki. Zikishindwa, atazipakia kwenye lori la mnada kwa mikono yake. Bi. Munira alikubali, na alipotoka Mzee alikuja maktaba, akaketi, wala hakuuliza habari za mbwa. Nikajua mambo ni mazito.

Kuanzia hapo hakukuwa na amani katika jengo letu, na sijawahi kufurahi hivyo kazini. Yeye na Gladness, mkufunzi wa mitandao, waliziwekea Linux moja baada ya nyingine, chumba kikiitikia ukubwa wa diski asubuhi na alasiri. Kulikuwa na mashine iliyowaka picha ikiwa kichwa chini, ikatatuliwa. Kulikuwa na nyingine ambayo kibodi yake iliandika Kifaransa, nayo wanafunzi waliipenda wakakataa isitatuliwe. Printa ilichapa ukurasa mmoja vizuri kabisa, kisha ikachapa ukurasa huohuo mpaka karatasi zikaisha. Mzee aliipigia makofi, kwa kuwa siku iliyotangulia ilikuwa haichapi kitu.

Tatizo la mwisho lilikuwa betri ndogo za saa zilizomo ndani ya kila kompyuta. Zilikuwa zimekufa zote, kwa hiyo kila umeme ulipokatika mashine ziliamka zikidhani ni mwaka ambao wanafunzi wetu walikuwa bado wananyonya. Siku moja kabla ya mtihani tulibadilisha betri. Kwa kawaida kompyuta huchukua saa sahihi kutoka mtandaoni, lakini wachimba barabara walikuwa wamekata waya wetu wa intaneti, ikabidi saa zipangwe kwa mkono. Safu zilikuwa nne. Gladness alipanga ya kwanza, mimi nikiwa na simu yangu nikapanga ya pili, na Mzee akachukua safu mbili za dirishani.

Asubuhi ya mtihani msimamizi kutoka nje, Bwana Ibrahimu, alifika mapema, mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini hata anapokupa habari mbaya. Gladness aliwasha seva ya mtihani saa moja, tukaingiza wanafunzi, na ilipotimu saa mbili wakaambiwa waingie kwenye mtihani. Safu ya Gladness ikaingia. Safu yangu ikaingia, nikajisikia fundi. Safu mbili za dirishani zikakataa zote, mashine kwa mashine, bila maelezo yoyote zaidi ya kwamba zimekataa. Wanafunzi ishirini wakakaa wanatazama skrini. Bwana Ibrahimu akatuambia, kwa upole wake, kwamba hadi saa nne kama nusu ya darasa haijaanza, mtihani unafutwa.

Bi. Munira alikuwa amesimama mlangoni.

Gladness alihisi swichi ya mtandao, akahamisha nyaya. Zikakataa. Mzee alihisi vumbi, akaleta pampu, akapuliza kila tundu la upande wa dirishani mpaka wanafunzi wakawa wekundu. Zikakataa, safari hii zikiwa safi. Tulihamisha mwanafunzi mmoja kutoka dirishani hadi safu yangu, akaingia mara moja, kumbe tatizo si yeye. Tulitazama saa zilizo pembeni mwa skrini, kwa sababu Gladness alishuku betri. Safu za dirishani zilionyesha 2:20, nasi ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Tukaridhika, tukaendelea kuhangaika na nyaya.

Mzee alianza kutokwa jasho. Nilimwona akitazama uani, pale ambapo lori lingeegeshwa, na moyo uliniuma kweli.

Ndipo Gladness alipokunja mikono. Alimwamkia kwanza, maana heshima ni heshima, akasema, "Shikamoo Mzee. Leo na wewe utarudia."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Chidawali arudie. Alimtazama Gladness, akavuta kiti, akaketi mbele ya mashine ya kwanza ya dirishani kama mteja. Gladness akamuuliza hali ya Mama Yudith, akajibu ni mzima. Kisha akafungua mipangilio ya saa kama alivyofanya jana yake, akaelezea kila hatua, na alipofika pa kuandika saa akakunja mkono wa shati na kutazama kifundo cha mkono.

Saa hiyo ya mkononi sote tunaijua. Ameipanga kwa hesabu yetu ya kusema, kwamba ikiwa saa mbili, mshale unakaa kwenye mbili, si kwenye nane kama saa za watu wengine. Amekuwa akituambia tangu zamani kwamba hawezi kusema jambo moja mdomoni na kuvaa jingine mkononi. Jana yake, ilipokuwa saa kumi jioni, alitazama mkononi na kuandika kumi kwenye kompyuta ishirini, ambazo kwa hesabu zake zenyewe zinataka kumi na sita. Kwa hiyo asubuhi ile, wakati sisi tuko saa mbili, mashine za dirishani ziliamini kabisa kwamba ni usiku wa manane. Seva hutengeneza kitambulisho chake cha usalama inapowashwa, chenye saa ya kuanza kutumika, na kwa mashine za dirishani saa hiyo ilikuwa bado haijafika. Zilikuwa zinakataa kitambulisho cha kesho. Nasi wenye akili timamu tulisimama mbele ya skrini, tukasoma mbili na dakika ishirini, tukasema barabara.

Mzee alitazama mkono wake. Akatazama skrini. Akatazama skrini ya safu yangu iliyoandika nane. Halafu alianza kucheka, kwanza kimyakimya, mabega tu, kisha akateleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, na pale sakafuni akaendelea. Bwana Ibrahimu, mtu wa sauti ya chini, alicheka mpaka akavua miwani. Bi. Munira alijifunika uso kwa mtandio. Gladness ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi, akizunguka safu za dirishani akiandika nane, na kila alipoandika mwanafunzi mmoja aliingia. Saa tatu haijafika, wote arobaini walikuwa kwenye mtihani. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawaka, mashine zikaamka, na kwa mara ya kwanza zilijua ni mwaka gani.

Matokeo yalitoka mwanzoni mwa Juni. Darasa zima limefaulu. Bi. Munira amefuta mnada na kuongeza nafasi za masomo, kozi inabaki, na Gladness ameteuliwa kuwa mkuu wa chumba cha ufundi. Mzee Chidawali ametangaza kwamba anaendelea kuivaa saa yake kama ilivyo, kwa kuwa kosa lilikuwa la kompyuta.

Juma lililopita alikwenda kwenye maabara kuwaaga wanafunzi. Alikuwa ameandaa hotuba, nilimsikia akiifanyia mazoezi kupitia ukuta. Alipofika mlangoni darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa katikati ya kazi, kila kikundi kimefungua mashine yake, wengine wanabishana kuhusu waya, wengine wameinamia skrini iliyogoma, na Gladness yuko kwenye kona ya mbali anawaacha wahangaike. Mzee alisimama pale kwa muda mrefu. Hakuna aliyenyanyua kichwa, hakuna aliyemwita. Skrini iliyogoma ikawaka, kikundi kikashangilia, na hata hao hawakumwona.

Alirudi maktaba na hotuba yake mfukoni, akaketi kwenye kiti cha wageni. Nilidhani ameumia, nikatafuta maneno, na kwa mtani kutafuta maneno ni aibu. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini anacheka.

"Hawana shida na mimi, mtani," alisema. "Hata kidogo. Wanaweza wenyewe."

Mzee Yotham, sisi tunayo shida na wewe. Tunakushukuru kwa kila mashine uliyoifufua na kwa kila mmoja wetu uliyemkalisha kwenye kile kiti. Zabibu za shamba lako la Zuzu zikuzalie sana, Mama Yudith azungumze nawe kila siku, na Mungu akupe miaka mingi ya kuamka unapotaka. Hotuba usiitupe, utaisoma siku ya sherehe, nasi tutakusikiliza mpaka mwisho. Wanafunzi nimewaalika. Wamesema watakuja wakimaliza kazi.

Evarista Kikoti
Mkutubi, Chuo cha Ufundi Chihembe